RUFANI YA MAKOSA MAKUBWA: MAHAKAMA YA JUU HUPIMA NINI?

Wageni wazurupo Ngome ya Yesu, Mombasa, huonyeshwa mizinga na kuta zilizojengwa na Wareno tangu 1593 hata 1596. Si wote wajuao kwamba tangu 1895 hata 1958 ngome hiyo ilikuwa gereza. Siku hizo mfungwa asiyeridhika na hukumu ya majaji wa Kenya aliweza kukata rufani katika Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa 1902. Juu yake lilikuwako Baraza la Mfalme mjini London, nalo halikusikiliza rufani ya jinai ila kwa ruhusa maalum.

Leo safari hiyo huishia Nairobi. Mshitakiwa wa kuua kwa kukusudia huhukumiwa na Mahakama Kuu. Akitiwa hatiani, rufani yake huenda Mahakama ya Rufani, na kisha, pengine, Mahakama ya Juu, yenye majaji 7, iliyowekwa na Katiba ya 2010.

Yafaa ifahamike kwamba rufani si kesi kuanzishwa upya. Majaji wa rufani ya kwanza hupima ushahidi pamoja na sheria, lakini kwa kusoma yaliyoandikwa. Mahakama ya Juu hupokea jambo la Katiba, au jambo lililothibitishwa kuwa lahusu umma wote. Mtu mwenye neno moja tu, kwamba shahidi aliongopa, hatasikilizwa huko.

Tutazame mfano. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama hiyo iliamua kesi ya Muruatetu, ya wafungwa wawili waliohukumiwa kufa kwa kosa la kuua. Swali halikuwa kama waliua, bali kama sheria yaweza kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kupima hali ya mkosaji. Majaji walisema lazima hiyo yapingana na Katiba. Hata hivyo adhabu ya kifo haikufutwa, wala hatia ya watu wale. Walirudishwa Mahakama Kuu wakapimiwe adhabu upya. Mwaka 2021 Mahakama ikaeleza kwamba uamuzi ule ni wa kosa la kuua tu. Waliofungwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, ambao wengi wao waliutumainia, hawamo.

Basi na yakumbukwe mambo matatu. Kwanza, rufani ya hukumu ya hakimu hukatwa kabla ya siku 14 kupita. Aliye gerezani humkabidhi mkuu wa gereza karatasi yake, naye huipeleka mahakamani. Pili, rufani yaweza kupunguza adhabu, na yaweza pia kuiongeza. Tatu, hata rufani ya mwisho ikikataliwa, ukipatikana ushahidi mpya wenye nguvu, Katiba yamruhusu mtu kuiomba Mahakama Kuu kesi mpya.

Mwenye ndugu aliyehukumiwa asingoje kuletewa habari. Na ahesabu siku.