Omu Ndogo, Mzigo Mkubwa

Mhariri aliniomba shairi, nami nimeleta spika. Msinicheke kwanza. Kisa chenyewe ni changu mwenyewe na hasara yake ilimfika mtu asiye na hatia.

Mjomba wangu yuko Msambweni na riziki yake ni kukodisha vyombo vya muziki: arusi, mikutano, sherehe za shule. Likizo ya Desemba nilimsaidia kubeba. Siku moja tulikuwa na arusi upande wa Gazi. Amplifaya yake imeandikwa nyuma wati 100, omu 4, nasi tulikuwa na spika mbili za boksi, kila moja omu 8. Taarabu ikalia vizuri mpaka akina mama walipoingia uwanjani kwa chakacha. Hapo malalamiko yakaanza: "Enyi wana, mbona besi haifiki huku?"

Mjomba alikuwa ameenda kuswali isha. Mimi, bingwa wa Fizikia, nikaazima spika nyengine mbili kwa jirani, nazo za omu 8, nikazifunga pale pale penye waya wa zile za kwanza. Lo! Muziki ukavuma, vigelegele vikapigwa, nikajiona fundi. Baada ya muda kidogo ikaja harufu ya kitu kuungua, kisha kimya. Arusi ikamalizika kwa ngoma za mkono. Mjomba hakulipwa salio lake, na salio hilo ndilo lililokuwa karo ya binamu yangu.

Tuliipeleka maiti yetu kwa fundi mmoja Ukunda. Akafungua, akanionyesha transista mbili zilizokufa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ulifunga omu ngapi?"

"Spika nne za omu nane nane," nikajibu bila wasiwasi. "Thelathini na mbili."

Akacheka. "Hapana. Ulifunga mbili."

Hapo ndipo kosa letu wengi lilipo. Tukisikia neno mzigo tunafikiria gunia: kilo nyingi, mzigo mzito. Kwenye spika mambo yamegeuka. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu huuzuia mkondo wa umeme usipite. Kimepewa jina la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa shule, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Ukinzani ukiwa mkubwa, mkondo mdogo hupita na amplifaya hupumzika. Ukinzani ukiwa mdogo, mkondo mkubwa hupita na amplifaya hutoka jasho.

Fikirieni kioski cha maji kijijini. Bomba likiwa na mfereji mmoja, pampu hufanya kazi polepole. Fungua mifereji minne kwa pamoja, kila mtu na dumu lake: hakuna aliyeziba njia, bali njia zimeongezeka, na pampu ndiyo itakayojua. Spika zilizofungwa sambamba, kila moja ikishika waya zile zile mbili za amplifaya, ni mifereji hiyo. Zikiwa sawa, gawanya omu za moja kwa idadi yake. Mbili za omu 8 ni omu 4. Nne ni omu 2.

Sasa tufanye hesabu ambayo mimi sikuifanya. Amplifaya ya wati 100 kwa omu 4 hutoa volti 20 ikifunguliwa mpaka mwisho. Volti hizo hujaribu kuzishika vile vile, ufunge spika uzipendazo; spika ndizo huamua mkondo. Gawanya volti kwa omu. Kwa omu 8 ni ampea 2.5, sawa na wati 50. Kwa omu 4 ni ampea 5, wati 100. Kwa omu 2 ni ampea 10, wati 200. Nilikuwa nimeitaka ifanye kazi maradufu ya ile iliyoandikwa mgongoni mwake. Tena si nguvu zote zinazokwenda kwenye spika. Nyengine hubaki ndani ya transista kuwa joto, na joto hilo huongezeka pamoja na mkondo. Ukiongeza na joto la pwani yetu, na amplifaya iliyofunikwa kitambaa isiingie vumbi (naam, tulikuwa tumeifunika), bamba la kupozea halina la kufanya.

Ningezifungaje basi? Kuna njia ya mfululizo: mkondo utoke spika ya kwanza uingie ya pili, na hapo omu hujumlishwa. Mbili za omu 8 huwa 16. Jozi mbili za namna hiyo, zikifungwa sambamba, hurudi kuwa omu 8. Spika nne zote zinalia na amplifaya iko salama. Ila kuna bei yake: kwa omu 8 inatoa wati 50 tu, na kila spika hupata 12.5. Akina mama wangelalamika tena, lakini binamu yangu angelipiwa karo.

Jambo jengine lililonipa taabu ni mita ya fundi. Aliipima spika ya omu 8, ikasoma 6 na nukta kadhaa. Nikadhani mbovu, kumbe sivyo. Mita hupitisha umeme wa upande mmoja, kama wa betri, na hupima waya wa koili peke yake. Muziki ni umeme unaokwenda na kurudi, na koili ndani ya sumaku huupinga kwa namna tofauti kwa kila sauti: spika hiyo hiyo yaweza kufika omu 20 au zaidi kwenye besi fulani, ikashuka karibu na 7, kisha ikapanda tena kwenye sauti nyembamba. Upinzani huo wa jumla huitwa impidansi. Omu 8 iliyoandikwa nyuma ni kadirio tu. Chunga pia spika za gari, kwani nyingi ni omu 4. Mbili sambamba tayari ni omu 2.

Waya nao wamo hesabuni. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ukivutwa mita 30 kwenda na 30 kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.7. Kwa mzigo wa omu 4, kama asilimia 15 ya nguvu huishia njiani ikipasha waya joto. Ndiyo maana tarumbeta za mnara wa msikiti, ambazo ziko mbali na amplifaya, mara nyingi hutumia laini ya volti 100. Kila tarumbeta ina transfoma yake ndogo, na ile ya wati 10 huonekana kwa amplifaya kama omu 1,000. Funga nne, ni omu 250; mkondo ni mdogo, na waya mwembamba unatosha. Hapo unachojumlisha ni wati tu, zisizidi za amplifaya.

Amplifaya ya mjomba ilipona kwa transista mpya, nami nililipa kwa kubeba maboksi likizo nzima ya Aprili. Nyuma yake, chini ya ile alama ya Ω, mjomba amebandika karatasi kwa mkono wake: "Spika mbili tu. Hata bi arusi akilia."