Kwa Nini Wanaanza Juu?

Ukitaka kuchimba kisima unaanzia wapi? Bondeni, maji yalipo karibu. Huanzi mlimani. Watafuta madini nao hufanya vivyo hivyo.

Vilima vya Pugu, Kisarawe, vina udongo mweupe uitwao kaolini. Hutengenezea vigae, karatasi na rangi. Udongo huo uko karibu na uso wa ardhi, basi ulijulikana mapema.

Kutoboa mwamba kwenda chini ni ghali. Kila mita inalipiwa, na shimo laweza kutoka tupu. Madini ya juu huchimbwa kwa gharama ndogo, na fedha yake husaidia kwenda chini. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi. Chini ya ardhi waliingia mwaka 2016.

Basi wageni wakija kutoboa shambani kwako, usidhani mali imeshaonekana. Bado wanatafuta. Usiharakie kuuza shamba. Nenda serikali ya kijiji, ulizeni leseni yao. Mapatano ya fidia yaandikwe. Soma kwanza, ndipo utie sahihi.

MASWALI
1. Kwa nini wanaanza juu?
2. Wakija kwako, utauliza nini?