Mlango Upi Hujifunga Kwanza? Uchaguzi wa Masomo kwa Wanafunzi wa Masasi na Newala

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anapojaza fomu ya machaguo, hutakiwa kupanga kwa mfuatano tahasusi za Kidato cha Tano na vyuo ambavyo angependa kupelekwa. Fomu yenyewe ni fupi. Mwanafunzi mwenye shauku moja huimaliza kabla kengele ya mapumziko haijalia. Lakini yuko mwingine, na wa aina yake si haba katika shule za Masasi na Newala, ambaye kalamu humganda mkononi. Anapenda Biolojia kwa kuwa aliwahi kumuuguza mdogo wake na kutaka kujua homa ilitoka wapi. Anapenda Fizikia kwa kuwa redio mbovu za kijiji kizima huletwa kwake. Anapenda Jiografia kwa kuwa amekulia ukingoni mwa uwanda wa juu, mahali ambapo mtu akisimama penye Shimo la Mungu pale Newala huliona bonde la Ruvuma lote limelala chini yake. Tena huandika mashairi ya ubao wa matangazo wa shule.

Mwanafunzi huyu husemwa kwamba hajui atakalo. Usemi huo haumtendei haki. Atakalo analijua; ila anataka mengi. Wazee humwonya kwamba mshika mawili moja humponyoka, na onyo hilo ni la kweli. Hata hivyo, methali hiyo haisemi ni lipi kati ya hayo mawili lililo rahisi kuokotwa tena likishaponyoka. Na hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Katika miaka ya 1970 mashaka ya namna hii hayakuwa na nafasi kubwa. Serikali ilipanga mahitaji ya taifa ya wataalamu, na vijana waligawanywa kufuatana na mpango huo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, waliomaliza Kidato cha Sita walitakiwa kwanza kulitumikia taifa na kufanya kazi kabla ya kufikiriwa kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ulikuwa na faida moja ambayo haitajwi sana: kijana alipata kuiona kazi kabla ya kuisomea. Leo uchaguzi umo mikononi mwa mwanafunzi, na umekuwa mpana zaidi tangu Machi 2024, ilipotangazwa kwamba tahasusi za Kidato cha Tano zitakuwa 65, kati yake 49 zikiwa mpya. Upana huo ni neema kwa mwenye shauku moja isiyo ya kawaida. Kwa mwenye shauku nyingi ni njia panda yenye njia nyingi zaidi.

Hatua ya kwanza si kuuliza ni somo gani linapendwa zaidi. Ni kuuliza ni somo gani, likiachwa sasa, halitapatikana tena kwa urahisi. Masomo hayafanani katika jambo hili. Shahada ya udaktari wa binadamu hudai Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu, katika mtihani wa Kidato cha Sita. Shahada nyingi za uhandisi hudai Fizikia na Hisabati ya Juu. Kwa hiyo anayechagua PCB huendelea na Hisabati katika kiwango kidogo tu, na mlango wa uhandisi humfungia. Anayechagua PCM huachana na Biolojia, na mlango wa udaktari hufungwa vilevile. Hapa ndipo njia inapogawanyika hasa, na mgawanyiko huo humfikia kijana mwenye umri wa miaka kumi na saba hivi. Kinyume chake, mashairi hayana mlango. Historia husomwa usiku kwa taa ya mtu mwenyewe. Hata uchumi na uongozi husomwa na wahandisi na madaktari wengi wakiwa na umri wa miaka thelathini au arobaini, hali mhasibu wa miaka arobaini anayerudi kuanza Hisabati ya Juu ni nadra sana kuonekana.

Mfano wa karibu ni wa mtu wa Masasi. Benjamin William Mkapa alizaliwa mwaka 1938, kwao Lupaso. Shahada aliyoipata Makerere mwaka 1962 ilikuwa ya Kiingereza. Kwa shahada hiyo alifika Columbia, Marekani, kusoma uhusiano wa kimataifa, akawa mhariri wa gazeti la The Nationalist mwaka 1966, akawa mwandishi wa habari wa Rais mwaka 1974, akaasisi Shirika la Habari la Tanzania mwaka 1976, akawa balozi na Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na kuanzia mwaka 1995 hadi 2005 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Njia moja ya masomo ilizaa kazi nyingi. Wapo watakaosema kwamba basi fani haina maana, mtu asome apendalo. Lakini wasisahau upande wa pili: shahada ile, pamoja na mapana yake yote, isingeweza kamwe kumfikisha mwenye nayo kwenye chumba cha upasuaji. Fani za lugha na jamii ni pana mbele na hazidai mengi nyuma. Fani za sayansi hudai mengi nyuma. Mwenye shauku za pande zote mbili, akiwa na uwezo wa kutosha katika Hisabati na sayansi, hana hasara kubwa akianza na upande unaojifunga mapema.

Hilo huondoa nusu ya tatizo. Nusu iliyobaki ni kuchagua kati ya milango yenyewe ya sayansi, na hapo kujiuliza "nataka kuwa nani?" hakusaidii sana, kwa sababu kijana hajaiona kazi ya mhandisi wala ya mjiolojia, ameona vazi na gari tu. Njia bora ni kulichukua swali moja la nyumbani, kulifuata mpaka lichoshe, na kuangalia ni katika sehemu gani limekataa kuchosha.

Newala haikosi swali la namna hiyo. Mji uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu nyingi za Tanzania zingekionea wivu. Na bado uwanda wa Makonde unajulikana kwa ukame wa maji ya kunywa, na vizazi vya akina mama vimeteremka miteremko kufuata chemchemi na kupanda tena na ndoo kichwani. Mvua inakwenda wapi? Jibu la kwanza limo ardhini. Uwanda huu umejengwa kwa tabaka nene za mchanga na mawe ya mchanga, nazo hupitisha maji kama chujio. Mvua huzama chini sana, kisha hutokeza kwenye nyayo za miteremko na mabondeni. Masasi, iliyo upande wa magharibi chini ya uwanda, hali ni nyingine kabisa: pale ardhi ni ya miamba ya kale sana na migumu, na vile vilima vya mawe vinavyochomoza peke yake ni sehemu za miamba hiyo. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka kusini mwa nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, aliviita vilima vya aina hiyo kwa neno la Kijerumani lenye maana ya milima-visiwa, na neno lake limeenea katika vitabu vya jiografia duniani kote. Katika miamba ya namna hiyo maji hukaa kwenye nyufa. Basi mchimba visima anayejua Masasi tu atapotea Newala.

Mwanafunzi aliyesoma aya hiyo kwa hamu, akatamani kwenda kutazama udongo uliokatwa na barabara, amejifunza jambo juu ya nafsi yake. Aliyeirukaruka asonge mbele, kwa maana swali bado halijaisha.

Maji yaliyo bondeni yanaweza kupandishwa. Hilo ndilo linalofanywa na mradi wa maji wa Makonde, ambao mwanzo wake ni miaka ya 1950, na ambao huvuta maji ya bonde la Kitangari huko Mitema na kuyasukuma hadi juu. Fizikia ya Kidato cha Tatu yatosha kukadiria kazi hiyo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kuipandisha mita 300 ni kazi ya jouli 58,800. Kwa mita moja ya ujazo, kila mita 100 za kupanda hudai takriban kilowati-saa 0.27, hata kama pampu isingepoteza chochote. Na pampu hupoteza. Zidisha kwa mji mzima, kwa siku zote za mwaka, ndipo itafahamika kwa nini gharama ya kusukuma maji imekuwa mzigo wa mradi huu miaka nenda miaka rudi.

Njia nyingine ni kuyazuia maji kabla hayajazama. Nyumba nyingi za uwandani zina matangi ya saruji yanayopokea maji ya paa la bati. Chukua paa la mita za mraba 60. Kwa mvua ya milimita 1,000 hupokea lita 60,000. Tano moja ikipotea, hubaki 48,000. Watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja huhitaji lita 120 kwa siku, kwa hiyo paa hilo latosha siku 400. Paa basi si tatizo. Tatizo ni tangi, kwa sababu kuanzia Mei hadi Novemba kuna siku 214 zisizo na mvua ya kutegemewa, nazo zinahitaji karibu lita 26,000 ziwe zimehifadhiwa tayari. Hilo ni shimo la mita tatu kwa tatu, kina mita tatu, lililojengwa lisivuje. Nani atalipia saruji? Na maji yaliyokaa miezi saba chini ya ardhi, yenye vumbi la paa na kinyesi cha ndege, yanafaa kunywewa na mtoto? Mbu nao wakiingia?

Tazama swali lilivyogawanyika. Limeanza katika jiolojia, likapita kwenye uhandisi, likaingia katika ujenzi na fedha, likaishia katika vimelea na afya. Kijana aandike daftari la swali kama hili kwa muda wa likizo moja, aulize mafundi, apime paa la nyumbani kwao na tangi la jirani. Mwishoni ahesabu kurasa. Mara nyingi sehemu moja itakuwa imejaa mpaka pembezoni, na nyingine zina mistari miwili mitatu ya heshima. Kipimo hiki si kamili, lakini hushinda kuuliza marafiki. Aliyejaza kurasa za pampu na tangi anaelekea PCM au PGM. Na PGM, pale inapofundishwa, humwachia Jiografia yake pamoja na Fizikia na Hisabati. Aliyejaza kurasa za vimelea asiogope PCB.

Jambo la fedha haliwezi kurukwa. Nyumba nyingi za wilaya hizi hulipa ada kwa korosho, na korosho huuzwa kwa msimu. Aidha, katika jamii za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambamo ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, neno la mjomba ni zito, na si ajabu mjomba akataka kazi yenye mshahara wa haraka. Mjomba huyo asidharauliwe. Masasi kuna chuo kinachofundisha matabibu, na Newala kuna chuo cha wauguzi. Chuo cha Maji kilichopo Dar es Salaam kimefundisha mafundi wa maji tangu miaka ya 1970. Stashahada ya utabibu huchukua miaka mitatu baada ya Kidato cha Nne, nayo hudai ufaulu katika Kemia, Biolojia na Fizikia. Mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba shahada baadaye, kwa kawaida akiwa na wastani usiopungua 3.0. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini inalipa ada ya nyumbani njiani, na mwanafunzi humwona mgonjwa wa kweli mapema.

Kuna hofu moja iliyobaki: kwamba kuchagua fani moja ni kuziua nyingine. Historia ya korosho inaonyesha vinginevyo. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiri unga, ambao ni kuvu, ulikuwa sababu kubwa, na watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walishughulika nao kwa salfa na kwa kutafuta mikorosho inayouvumilia. Lakini kuvu peke yake hakukuangusha zao. Bei ilikuwa duni, na watu waliohamishiwa vijijini waliacha mikorosho yao mbali, ikaota magugu. Mtaalamu wa kuvu aliyewahi kupenda historia na hesabu za bei angeuelewa mti ule vizuri zaidi kuliko mwenzake asiyepata kuinua macho kutoka kwenye darubini.

Mwanafunzi wa mwanzo wa makala haya aandike kwanza tahasusi iliyo karibu na kurasa zilizojaa, kisha inayoacha wazi mlango unaofuata, na chuo cha stashahada kisikosekane katika orodha. Matokeo yakitoka, TAMISEMI imekuwa ikiwapa wanafunzi nafasi ya kubadili machaguo yao kwa njia ya mtandao. Muda wake huwa mfupi. Aliye kijijini ajue mapema ni nani jirani mwenye simu inayofaa, na namba yake ya mtihani aiweke mahali ambapo mchwa hawafiki.