Idhini si Ridhaa: Lugha ya Kuwaalika Wazee Katika Utafiti wa Muda Mrefu

1.0 Utangulizi

Utafiti wa muda mrefu kuhusu uzee huwafuatilia watu wale wale kwa miaka mingi ili kubainisha jinsi afya, kumbukumbu na riziki yao zinavyobadilika. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kimeendesha utafiti wa aina hii tangu 1992, kikiwahoji watu wa zaidi ya miaka 50 kila baada ya miaka miwili. Nchini Kenya, chuo hicho na Chuo Kikuu cha Aga Khan, kwa ushirikiano na wengine, vimeanzisha utafiti unaojulikana kwa kifupi kama LOSHAK, unaowalenga watu wa miaka 45 na zaidi. Makala haya yanachunguza lugha ya kumwalika mshiriki. Ishiara, mji wa soko katika eneo la Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, unatumiwa kama mfano tu wa mahali ambapo mwaliko wa aina hii ungeweza kutolewa.

2.0 Idhini, kibali na ridhaa

Maneno haya matatu huchanganywa mara kwa mara katika fomu za utafiti. Kibali ni ruhusa rasmi itolewayo na ofisi. Idhini ni ruhusa ya mwenye mamlaka: chifu huweza kuidhinisha watafiti waingie katika kata yake. Ridhaa ni kukubali kwa moyo wa mtu mwenyewe. Fomu inayomwomba mzee "idhini" inamfanya atazame kwa chifu au kwa mwanawe kabla ya kujibu, ilhali uamuzi ni wake. Tena, ridhaa haitolewi mara moja ikaisha. Aliyekubali leo ana haki ya kukataa miaka miwili baadaye.

3.0 Maneno yanayopotosha

Kitenzi "kuandikisha" kina historia yake vijijini. Watu huandikishwa kupiga kura, kupokea chakula cha msaada, au kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao tangu 2018 umewalenga wazee wa miaka 70 na zaidi kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzee akiambiwa anaandikishwa, ni haki yake kutarajia pesa. Zisipokuja, mtafiti wa awamu ya pili atakuta mlango umefungwa. Afadhali kusema "tunakualika ushiriki", kisha kueleza wazi kile kitakachotolewa na kile kisichotolewa.

Neno la kitaalamu "sampuli nasibu" nalo halimfai mzee. Aelezwe kwamba majina yalichaguliwa kwa kura, hivyo jirani hakuachwa kwa kubaguliwa, wala yeye hakuchaguliwa kwa kuwa mgonjwa.

4.0 Kiswahili mbele ya Kimbeere

Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo, kwa bibi wa Ishiara aliyelelewa katika Kimbeere, fomu ya Kiswahili sanifu huweza kuwa ngeni kama ya Kiingereza. Swali la umri pekee huhitaji uangalifu: asiye na cheti cha kuzaliwa huukadiria umri wake kwa matukio kama vile hali ya hatari ya 1952 au Uhuru wa 1963. Kwa hiyo Kiswahili chepesi kiwe daraja, na maelezo ya mwisho yatolewe kwa Kimbeere, yakisemwa kwa sauti. Mzee naye aombwe kuyarudia kwa maneno yake kabla ya kutia kidole gumba.

5.0 Hitimisho

Wasioelewa mwaliko hujitoa kimyakimya, na mara nyingi ndio wakongwe zaidi, wagonjwa na wasiosoma. Wakikosekana, takwimu zitaonyesha uzee wenye nafuu kuliko ulivyo, na mipango ya serikali itajengwa juu ya picha hiyo. Ibara ya 57 ya Katiba inataka wazee waishi kwa heshima na kushiriki kikamilifu katika jamii. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafsiri fomu ya utafiti ana sehemu yake katika kulitimiza hilo, na anaweza kuanza kwa kufuta "idhini" na kuandika "ridhaa".