Ujifunzaji wa Asasi na Utendaji wa Hoteli: Nafasi ya Kiswahili Meru na Embu

Makala haya yanajadili namna maarifa yanavyopatikana na kupotea hotelini. Suala hili aghalabu huachiwa wanafunzi wa biashara, ilhali ni suala la lugha pia.

Nonaka na Takeuchi (1995) walitofautisha maarifa bayana, yanayoandikika, na maarifa fiche, yaliyomo katika mazoea ya mtu. Mfano wao mashuhuri unatoka hotelini. Kampuni ya Matsushita ya Japani iliposhindwa kuunda mashine ya kuoka mkate mzuri, mfanyakazi wake, Ikuko Tanaka, alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Hoteli ya Osaka International. Aligundua kuwa siri ilikuwa namna mwokaji yule alivyouvuta na kuusokota unga uliokandwa.

Jikoni za Meru na Embu zina siri za aina hiyo. Mpishi wa mukimo hatumii mizani. Mwiko humwambia viazi vimelainika kiasi gani. Akipata kazi Nairobi, huondoka na ujuzi wake. Chakula huanza kuchelewa, na lawama humwangukia mwajiriwa mpya.

Wengi hudhani dawa ni mwongozo ulioandikwa. Je, uandikwe kwa lugha gani? Kiingereza kilitangulia kubisha hodi: hata hoteli kongwe ya Embu ilipewa jina la Izaak Walton, Mwingereza aliyechapisha kitabu cha uvuvi mwaka 1653! Lakini wafanyakazi wenyewe huzungumza Kimeru, Kiembu au Kimbeere, na waliotoka kwingine hukutana nao katika Kiswahili. Anayetakiwa kujaza ripoti ya zamu kwa Kiingereza asichokimudu huandika kwamba hakuna tatizo. Tatizo lipo, kinachokosekana ni sentensi ya kulieleza.

Hapa ndipo hoja ya Argyris na Schön (1978) inapopata uzito. Kosa laweza kurekebishwa tu, au kanuni iliyolizaa ikahojiwa. Chakula kikichelewa, ni rahisi kumkaripia mpishi. Kuuliza kwa nini oda zote zipitie dirisha moja kwahitaji mhudumu wa chini amweleze meneja jambo asilopenda kulisikia, tena kwa adabu. Kwa maoni yangu, Kiswahili chaifaa kazi hiyo kuliko Kiingereza cha kubabaisha. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 ilikwisha kukifanya lugha rasmi, hivyo daftari la zamu la Kiswahili halihitaji kibali cha mtu. Linahitaji istilahi za jikoni na mapokezi, zikusanywe kwa wapishi na wahudumu wenyewe kabla hawajahama.