Kaa Moja au Tatu?

SWALI: Kaa wa baharini, kaa la moto na kukaa kitini: je, asili yake ni moja?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Ni maneno matatu yaliyokutana njiani. Kiswahili kilidondosha “l” ya kale ya Kibantu iliyokuwa kati ya irabu. Lugha ndugu bado zinayo. Wagiriama husema *kukala* kwa kukaa. Wasemaji wa Kilingala huita makaa *makala*. Wazulu humwita kaa *inkala*. Sauti hiyo ilipotoweka, yote yakabaki “kaa”.

Upatanisho wa kisarufi ndio unaoyatenga: kaa huyu anatambaa, kaa hili linawaka, mtoto anakaa. Walimu, fundisheni maneno haya ndani ya sentensi, si katika orodha.