Waraka wa Sheikh Ahmad wafika machimboni

Ijumaa moja baada ya swala mjini Geita, kijana mchimbaji alinifuata barazani mwa msikiti akiwa na bahasha. "Ustadh, nisomee hapa panapozungumzia mali." Nilipoitoa karatasi tu niliitambua. Ni ule waraka wa Sheikh Ahmad.

Wengi wetu tumewahi kuupata, kwa kopi, kwa ujumbe wa simu na sasa kwa WhatsApp. Unadai kuwa Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, alimuona Mtume usingizini akapewa wasia kwa Waislamu. Kisha hufuata ahadi na vitisho: atakayeusambaza atafunguliwa riziki, atakayeupuuza atafikwa na msiba. Hutajwa mtu asiye na jina aliyeugawa akatajirika, na mwingine aliyeukadhibisha akafiwa na mwanawe. Kijana yule duara lao lilikuwa halijatoa kitu kwa miezi mitatu. Fedha ya chakula alikuwa ameitolea kopi ishirini.

Nikamuuliza, nani kakupa? "Rafiki yangu wa Nyarugusu." Naye kapewa na nani? Na mwenye bodaboda wa Katoro. Na huyo je? Hajui.

Kwa hakika hapo ndipo maulamaa wa hadithi wangefunga daftari. Imam Bukhari hakutosheka na uzuri wa maneno. Aliuliza nani kasikia kwa nani, je walikutana, je ni mkweli, je ana hifadhi nzuri. Sanadi ikikatika, habari ni dhaifu hata kama inatoa machozi. Leo sisi, warithi wa elimu hiyo, tunapokea karatasi isiyo na baba wala mama!

Aidha, waraka huu si mgeni nchini. Mwaka 1908, mara tu baada ya vita vya Maji Maji, toleo lake lilienea pwani yetu likiitwa barua ya Makka, na Wajerumani wakashikwa na hofu kuwa watu watainuka tena. Zaidi ya karne imepita na Sheikh Ahmad bado anaota. Marehemu Sheikh Ibn Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia, aliandika kuukanusha, akaeleza kuwa jamaa wa Sheikh Ahmad waliulizwa wakajibu kwamba mzee wao kazuliwa, hakuyasema hayo kamwe.

Wapo watakaouliza, je Ustadh anakanusha miujiza? La hasha. Fimbo ya Musa (a.s.) tunaiamini kwa kuwa Qur'an imetueleza. Lakini imani hiyo haimpi kila mwenye kisa ruhusa ya kuingia. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Fikiri, baba mfiwa, na umma mzima unamletea muujiza ambao hata hakuuomba. Angenyamaza tu, ungekuwa wake. Kama alivyopokea al-Mughira bin Shu'ba, Mtume aliwakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, basi mkiona hivyo ombeni na msali.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu kwetu huku visa visivyoulizwa vimeua watu. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino. Ilikuwa wilaya ya Bukombe, wakati huo mkoa wa Shinyanga, sasa Geita. Waganga walikuwa wameeneza kwamba viungo vya wenye ualbino huleta dhahabu machimboni na samaki ziwani. Kila msimulizi alimjua mtu aliyemjua mtu aliyetajirika. Tajiri mwenyewe haonekani. Waraka hauamrishi mtu kuua, hilo nakubali. Lakini sikio linaloupokea ni lile lile.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho. "Sasa Ustadh, hizi kopi nizifanyeje? Na nikizitupa, huo msiba je?" Nikamwambia anipe zote, msiba uje kwangu. Akasita kidogo, akafungua bahasha, akanihesabia kumi na tisa.